Uliandika Kwetu Hakuna Mifugo

Somoe mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi ulipokuwa unatoka kwenda kumuaga shangazi yako kule Likombe, sirudii. Hii si barua ya salamu. Nimekasirika, na nimeona niandike kwa sababu nikisubiri urudi nitapayuka, baba yako atasema, "Mama Somoe, mwache mtoto, kesho anasafiri," na wewe utainamisha kichwa useme yameisha mama, wakati hayajaisha hata kidogo. Simu nayo siitaki. Wewe ukibanwa kwenye simu unasema mtandao unasumbua.

Nampa barua hii dereva wa bodaboda anayeegesha pale njia panda, anakwenda mjini kuchukua mzigo. Isome ukiwa huko huko kwa shangazi yako, kabla hujapanda gari la kurudi. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Mambo ya safari sikuandikii. Baridi ya Dodoma, kula, kusali, kufunga mlango, kutomwamini kila anayekuita dada, hayo shangazi yako ameshakwambia mpaka umechoka, nayo ndiyo anayoyapenda. Mimi nina neno langu moja na ni la jana.

Jana jioni ulitandaza ile ramani yako kwenye mkeka. Tulikuwepo mimi, baba yako na jirani yetu Mama Hamisi aliyekuja kukuaga. Karatasi kubwa, rangi zinapendeza. Ukatueleza kwamba kazi uliyopata huko ofisini Dodoma ndiyo hiyo ya kuimalizia: ramani ya kuonyesha, sehemu kwa sehemu, watu watapata faida gani magonjwa ya mifugo yakidhibitiwa. Kijani kilichokolea, faida kubwa. Kijani kilichofifia, faida ndogo. Na wakubwa wataitazama hiyo ndipo waamue chanjo ianzie wapi, friji la kuitunzia liwekwe wapi, wachanjaji wafundishwe wapi. Nilijivuna, sikufichi. Nilimkonyeza Mama Hamisi, maana yake mwone mtoto wangu.

Mama Hamisi akaweka kidole upande wetu, huku chini kabisa mto Ruvuma unakoingia baharini. Akauliza, "Na huku kweupe kuna nini?"

Ukamjibu, "Huko hamna kitu, mama. Faida ya chanjo haipo, kwa sababu mifugo hakuna."

Mifugo hakuna! Na ulisema hivyo mkononi umeshika paja la kuku. Kuku wangu, Somoe. Yule tetea wa madoa niliyempa baba yako achinje kwa ajili yako, na alikuwa bado anataga. Ulimega, ukatafuna, ukasema mifugo hakuna, ukaomba pilipili.

Nikakuuliza nani kasema hakuna. Ukasema takwimu. Nikakuuliza takwimu ni nani. Ukacheka, ukasema ulikuja mwenyewe mwaka jana na kishikwambi, ulipokuwa kwenye kile kibarua cha ofisi hiyo hiyo cha kuhesabu mifugo, ukapita kila kaya. Nikauliza na hapa kwetu ulimuuliza nani? "Nilimuuliza baba, ndiye mkuu wa kaya." Na baba yako, huku anachokonoa meno, akasema, "Kweli, aliniuliza kama tuna mifugo, nikamwambia hatuna. Kwani tunayo?"

Yarabi! Kuku walikuwa wanapita nyuma ya mgongo wake wakati anasema.

Yeye simlaumu sana. Mwanamume wa huku ukimuuliza mifugo, macho yake yanakwenda kutafuta ng'ombe. Kwetu mfugaji ni yule mtu aliyekuja kutoka bara na fimbo yake na ng'ombe wake mbele. Mbuzi wawili watatu, labda utawahesabu. Kuku si mifugo, kuku ni kuku, ni mambo ya wanawake, kama ungo na kinu. Angekuja mgeni kutoka huko akauliza vile, akajibiwa vile, akaandika vile, ningesema masikini hajui lugha ya watu. Lakini wewe? Wewe uliyekuwa unatumwa kila magharibi kufunga banda, unalia kwamba tetea wanakudonoa? Ulijua baba yako atajibu nini kabla hajafungua mdomo. Na uliandika.

Nilipokwambia uirekebishe, kwa kuwa ulisema mwenyewe bado ni rasimu, ndipo uliponimaliza. Ulisema ni vijiji vichache tu, haitabadilisha kitu. Mama Hamisi akainuka, akasema anawahi kufunga banda lake. Alikuwa ameshalifunga. Alikuwa anakusitiri, mwanangu, hakutaka uone uso wake. Alipotoka ukaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, nitaonekanaje, siku ya kwanza kazini naanza kusema nilikosea?"

Hapo sasa ndipo ninapotaka tuzungumze.

Unakumbuka ule mwaka ulipokwenda sekondari ya bweni? Yaliyotokea huyajui, kwa sababu sikukwambia. Malipo ya korosho yalichelewa mwaka ule. Baba yako alikuwa anakwenda kwenye ghala la ushirika asubuhi, anarudi mchana, anakaa kwenye kiti chake anatazama barabara. Shule zinafunguliwa, wewe umeshona sare moja tu, godoro huna, ndoo huna, nauli huna. Mimi nikachukua matenga, nikapanga majogoo na mitetea wote waliofaa, nikaenda nao sokoni Mtwara. Nilirudi na godoro juu ya gari. Baba yako akakwambia, "Haya, godoro lako limefika." Ukamkumbatia yeye. Ukasema, "Asante baba, korosho zimelipa!"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na matenga matupu. Nikaenda kuyatundika bandani.

Na ulipohitimu chuo, ukaalika watu, ukasimama ukasema mbele ya ukoo mzima kwamba umesomeshwa na mikorosho ya baba. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilijiambia mwanamke mwenye adabu hajitangazi, na mume asiaibishwe mbele za watu. Heshima gani hiyo, Somoe? Nimeilea nyumbani mwangu miaka yote, na jana imenirudia kwenye karatasi, imekaa pale nyeupe. Ningekuwa nimesema siku ile ya godoro, wewe usingeandika hatuna. Hilo ni kosa langu, na linaniuma kuliko lako. Lakini la kwangu siwezi kulifuta. La kwako linafutika, bado.

Na lile la Mama Hamisi pia nitakwambia, maana uliona tukinuniana ukadhani ni ugomvi wa watu wazima.

Ulikuwa mdogo. Ilikuwa msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Mume wa Mama Hamisi, Mungu amrehemu, alikuwa na mashine, akawa anapuliza alfajiri umande ukiwa bado, na vumbi la njano linashuka mpaka kwetu, juu ya paa, juu ya banda, mpaka kwenye maji ya kuku. Siku zile zile kuku wangu wakaanza. Kwanza kuzubaa, mabawa yameanguka, kuharisha kijani. Halafu shingo zinapinda, kuku anatazama nyuma kama ameitwa. Wakafa. Asubuhi nikifungua banda nawatoa kwa ungo. Nikasema hii ni salfa. Nani asingesema? Nilikuwa nimeona vumbi kwa macho yangu. Nikaenda uwanjani kwa Mama Hamisi, nikamtukana yeye, mume wake na mashine yao. Binti yake alikuwa anasubiri kuchezwa unyago na mimi ndiye niliyekuwa nimechaguliwa niwe somo yake. Nikakataa. Nikasema sitamfunda mtoto wa wauaji. Unaelewa nilichofanya? Kumkataa mwari wakati mtama wa pombe na mchele wa ngoma umeshatafutwa! Mpaka leo yule binti akinisalimia anatazama chini.

Kila mwaka mikorosho ikipulizwa, kuku wanakufa, na kila mwaka nusu ya kijiji haitoi salamu kwa nusu nyingine. Tulikuwa na uhakika. Hakuna mtu mwenye uhakika kama aliyeona vumbi.

Akaja mtaalamu wa mifugo na pikipiki kutoka upande wa Naliendele, akasema hiki ni kideri, ugonjwa wa kuku wa kuambukizana, hakihusiani na salfa, ila vyote viwili huja kiangazi. Chanjo yake ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, lakini nyumba zote zichanje pamoja, siyo mmoja anachanja na jirani hataki. Nikasikia. Nikaelewa, Somoe. Siku ile ile nilielewa. Na sikwenda kwa Mama Hamisi. Nilisema nitaonekanaje, mimi niliyemtukana mbele ya watu, niende leo nikaseme nilikosea? Kiangazi kikapita, kikapita na kingine. Mimi sichanji kwa sababu yeye hachanji, yeye hachanji kwa sababu hakuna aliyemwambia, na aliyetakiwa kumwambia ni mimi. Kuku wa nyumba mbili walikufa kwa aibu yangu. Ndiyo maana uliposema neno lile jana, nitaonekanaje, nilihisi mtu amenichoma na kijiti cha moto.

Nilikwenda mwishowe. Nikasimama mlangoni kwake, nikasema, "Mama Hamisi, si salfa." Akanitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Akasema, "Umechelewa, lakini pita." Basi. Tukachanja pamoja, na kiangazi kile tukafungua mabanda asubuhi, kuku wakatoka wenyewe kwa miguu yao. Nilikaa chini pale uwanjani nikalia kama mjinga.

Tulipata chanjo misimu kadhaa, kwa bahati ya mtu kuja na boksi lake la barafu. Ikakatika. Chanjo inataka ubaridi, na friji la karibu liko mbali. Ikifika huku imeshapata joto, unamtonesha kuku maji matupu. Mwaka jana kideri kimepita tena. Na ninyi na vishikwambi vyenu mkaja nyuma yake! Mlikuja kuhesabu kuku wakati tumeshawazika. Hata kama ungeniuliza mimi badala ya baba yako, ungekuta mitetea wachache na vifaranga. Mnahesabu waliobaki, mnasema hapa hakuna cha kuokoa, mnapaka rangi nyeupe. Sasa friji litakwenda kwenye kijani. Kwetu watakufa tena kiangazi kijacho, na mwaka utakaofuata mtu mwingine atakuja kuhesabu, atakuta pamekuwa peupe zaidi. Hesabu gani hiyo inayomnyima mgonjwa dawa kwa sababu amekonda?

Mnataka kujua faida? Njooni niwaonyeshe. Bati za jiko la Mama Hamisi ni kuku. Yule mke wa fundi baiskeli aliyepelekwa hospitali uchungu ulipomkaba, nauli ilikuwa majogoo, mume wake alikuwa amevuka mto pale Kilambo kwenda kutafuta kazi ng'ambo na hakuwa na habari. Mwanamke akifiwa, anapokea watu kwa kuku. Mkwe akija, kuku. Akitaka kumkimbia mume anayempiga, kuku ndio mali pekee anayoweza kuuza bila kuomba ruhusa. Mikorosho ina mwenyewe, shamba lina mwenyewe, hata mihogo mwanamume anaweza kusema ni yake. Kuku hawaombewi ruhusa kwa mtu. Ndiyo maana wakifa hakuna mkutano unaoitishwa, na wakipona hakuna anayeandika. Sijui hiyo kwenye ramani yenu inapakwa rangi gani.

Na nina hasira na hao wakubwa zako pia, usidhani ni wewe peke yako. Mtu mzima anakaa huko anatunga swali moja kwa nchi nzima, "una mifugo?", hajui kwamba neno likivuka mito linabadilika maana. Lakini wao siwezi kuwapigia kelele, siwafahamu. Wewe nimekuzaa.

Najua unaogopa. Unakwenda mahali ambapo wote wanakuzidi vyeo, wengine hata Mtwara hawajafika, wanadhani tunaishi kwa gesi na korosho. Utaingia na viatu vipya, hujui hata choo kiko wapi, ndipo uanze kusema sehemu hii niliyoijaza mimi nilikosea. Ni kazi ngumu. Mwili wangu mzima unajua ugumu wake. Sikwambii ni rahisi na sikwambii watakupenda. Wanaweza kukununia. Wanaweza kusema binti wa Mtwara anatetea kwao. Sawa, utetee! Kama hutatetea kwenu ulikokosea mwenyewe, utatetea wapi?

Usifikiri hasira hii ni ya kukuchukia. Tangu juzi nimeshafunga korosho za kubeba, nimezibangua mwenyewe, vidole vimeungua na maganda. Nikikumbuka kesho kitanda chako kitakuwa kitupu, nakwenda kukitandika upya. Lakini kukupenda na kukunyamazia ni vitu viwili, na mimi hicho cha pili nimekifanya vya kutosha. Ukirudi siku moja umefukuzwa kazi kwa kusema ukweli, chumba chako kipo, sitampa mtu, na atakayekucheka atanikuta. Ukirudi na ramani ile ile, nitakupikia kisamvu, tena bila nazi.

Sasa sikiliza nilichofanya leo. Ulipoondoka tu nilijifunga kanga, nikapita nyumba kwa nyumba. Wanaume wanadhani nimewaita wake zao kukuaga. Sikuwaita kukuaga. Nimewaambia wanawake kwamba Somoe anarudi jioni, ana swali, na safari hii anawauliza wao, siyo waume zao. Mwanzo nilitaka kila mmoja aje na kuku wake kwapani ili ukome. Nikakumbuka kwamba kukusanya kuku wa kijiji kizima kwenye uwanja mmoja ni kumkaribisha kideri kwa chai, nikawaambia waje mikono mitupu. Wameanza kufika wakati naandika. Mama Hamisi ametangulia, na amekuja na binti yake, yule niliyemkataa. Baba yako ametoka kulala, ameuliza ni msiba wa nani. Nimemwambia mkuu wa kaya arudi akapumzike.

Ukishuka kwenye gari usiingie ndani kupanga begi, begi nitapanga mimi. Kaa nao chini. Usiulize mifugo. Uliza kuku. Uliza walikuwa wangapi kabla ya kiangazi, wangapi wamebaki, na walipokuwepo walifanya kazi gani. Wataongea wote kwa pamoja, watakuchanganya, watacheka, wengine watalia, wewe andika. Na kishikwambi kiwe na chaji, huku umeme umekatika tangu asubuhi.

Halafu, mwanangu, anza na mimi. Nina umri huu, na hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi kwenye nyumba hii akaniuliza mimi nina nini.

Mama yako